Mama Alitaka Niandike Tumbo

Jumanne, Ilomba

Nimeandika yote, na mama hajanisemesha tangu jioni.

Wakili wa kesi yetu dhidi ya hospitali anataka maelezo ya mama, nami ndiye ninayemwandikia. Mama alichanika akimzaa mdogo wangu, mkojo ukaanza kuvuja, lakini daktari akasema ni U.T.I. tu, maambukizi ya njia ya mkojo. Miezi minane anameza vidonge, na mkojo bado unavuja.

"Andika tumbo linauma," mama aliniambia kwa Kinyakyusa. "Mengine mtoto hayasemi juu ya mama yake."

"Kwa tumbo tutashindwa kesi, mama."

Nilipomsomea, aliweka sahihi bila kunitazama, akahamia chumbani kwa shangazi.

Shuleni wananiita Profesa, lakini hakuna ninayeweza kumwambia haya.

Kesho nitayapeleka kwa wakili. Kisha nitafua mashuka ya mama kama kila siku, kama bado ataniruhusu niyaguse.