Kikompyuta cha Daktari Kiambi

S.L.P. 61,
Naro Moru.
17 Novemba 1998.

Mpendwa kaka Ngatia,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na hawajambo Kagwiria na watoto? Natumaini baridi ya Uingereza haijawazidi. Sisi tu wazima, na Mama ni mzima pia. Nimetanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Mvua imenyesha ya kutosha na viazi vimekubali. Ng'ombe yule mkorofi amezaa, na ukali umezidi.

Sasa nikiri kosa. Unakumbuka Krismasi iliyopita ulipompeleka Mama mjini Nyeri kwa Daktari Jamleck Kiambi, nami nikawacheka? Nilisema daktari anayeweka habari za wagonjwa kwenye kompyuta anataka kuonekana tu. Na kile kikompyuta chake kinachoingia mfukoni mwa koti nilikiita kioo cha kunyolea. Nafuta maneno hayo yote.

Jumatatu ya wiki jana, Mama akiwa Gakindu kwa Shangazi, alishikwa na homa kali na kifua hata akashindwa kuongea. Shangazi alinipigia simu dukani kwa Kingori, na kesho yake asubuhi nikawakuta kwenye zahanati. Muuguzi alikuwa amefungua kitabu cha matibabu kilichotoka kwenye kiondo cha Mama, na sindano ilikuwa tayari.

"Mwezi wa Juni alidungwa penisilini na hakukuwa na shida," akaniambia. Nikamwambia aendelee.

Bahati yetu ilikuwa Jumanne, siku ambayo Daktari Kiambi huitembelea zahanati ile. Kila asubuhi kabla ya kutoka Nyeri hunakili habari za wagonjwa wake kutoka kompyuta ya ofisini hadi kwenye hicho kidogo. Alimtambua Mama, akakitoa mfukoni, akakigusagusa kwa kijiti, kisha akainua mkono.

"Ngoja kwanza, sista. Huyu mama hawezi dungwa hiyo dawa."

"Lakini kitabu yake iko hapa, daktari."

Daktari akakichukua, akafunua kurasa za mwanzo. "Hii ni ya msichana wa miaka kumi na saba," akasema.

Kaka, kilikuwa kitabu cha binti yangu. Unajua tulimpa jina la Mama kama ilivyo desturi yetu. Ni mimi niliyevitia vitabu vyote viwili jalada la kalenda ile ile, nikaandika "Watiri" juu ya kila kimoja, na kuviweka kwenye droo moja. Mama akabeba cha mjukuu. Nilikaa chini sakafuni. Ningemuua mama yangu kwa mwandiko wangu mzuri.

Alipewa dawa nyingine. Siku ya tatu aliomba chai na kulalamika kwamba ya Shangazi haina maziwa, nikajua amerudi.

Daktari yule hana majivuno. Nilipomshukuru aliniambia tu nirekebishe vile vitabu, na sasa vina majina kamili na miaka, hata kipofu hatavikosea. Lakini nilitaka kujua kile kikompyuta kilipata wapi jambo ambalo mimi ninayeishi na Mama silijui. Akanigeuzia nisome. Maandishi ni madogo sana: *Alivimba uso na koo baada ya penisilini, 1971. Maelezo ya mwanawe, Ngatia.*

Mwaka ule nilikuwa shule ya bweni, na hakuna aliyeniambia. Nililia mbele ya muuguzi na sikuona haya.

Nisalimie sana Kagwiria na wanangu wote. Shangazi na Watiri mdogo wanakusalimu. Mungu awafunike huko mliko, awarudishe salama.

Mama anawaambia majirani kwamba siku aliyougua ulikuwa naye Gakindu. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha. Nimeacha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyosema,
Peterson Gicheru