Maandishi ya Njano Niliyoyafunga Kila Asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Opiyo,

Programu yako ya kadi za chanjo ilizimika Jumatatu. Akina mama walijaa kwenye mabenchi ya zahanati yetu hapa Mengo, nami sikuweza kufungua kadi hata moja. Muuguzi hakuthubutu kukisia nani amechomwa sindano ipi. Mama mmoja Mkongo alingoja hadi saa nane, akambeba mwanawe mgongoni, akaondoka.

Unakumbuka siku uliyoniletea programu hiyo? Nilikuuliza kwa nini umeiandika kwa lugha ya kompyuta ya kizee, wakati wenzako wanakimbilia mpya. Ulicheka, mdomo umejaa chapati.

"Dada, we mtoto wa askari, unauliza hilo? Baba alifundisha makuruta gwaride miaka mingapi kwa amri zile zile? Badilisha 'geuka kulia' leo uone, nusu ya kikosi itagongana!"

Kisha ukanieleza taratibu. Watu wengi wameshajenga kazi zao juu ya lugha hiyo. Wanaoitunza wakiondoa amri moja ghafla, mahali fulani hospitali inakwama. Kwa hiyo hutoa onyo kwanza, kisha hungoja miaka ili kila mtu arekebishe kazi yake.

Ulikuwa umeshalazwa hospitalini maandishi ya njano yalipoanza kutokea kwenye kompyuta. Nilikuambia, ukanijibu, "Ni onyo tu, bonyeza Enter. Nikitoka nitarekebisha."

Hukutoka. Nikaendelea kubonyeza, miaka minne. Nikuambie kweli, niliyapenda yale maandishi. Yalikuwa kama wewe unanisalimia asubuhi.

Jumamosi kompyuta iliwekewa toleo jipya la lugha ile, lisiloitambua tena amri yako moja. Jumatatu fundi wetu, Nakato, akaniuliza kwa adabu ya Kiganda, "Nyabo, onyo hili lilianza lini?"

"Kabla hatujamzika."

Akaanza kuisoma mistari uliyoiandika.

Walikungoja, Opiyo. Watu wa lugha ile, wasiokujua, walikungoja miaka yote hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nawafungia mlango.

Nakato alirekebisha siku ya pili. Alitaka kufuta mstari wako, nikamwomba auache. Akauwekea alama ili kompyuta iuruke, akaandika wake chini. Kompyuta haiusomi tena. Mimi nausoma.

Yule mama hajarudi. Kila asubuhi kadi ya mwanawe ndiyo ninayoifungua kwanza, halafu natazama mlangoni. Likija onyo jingine, mdogo wangu, sitabonyeza kabla ya kuuliza.

Pumzika.

Dada yako mkubwa