Kipengele cha Tisa

Nyakahanga,
4 Machi 2025

Dada Kemirembe,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na miguu ya mama imepungua kuuma. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi hauji. Mvua imeanza na njia ya kwenda ofisini ni tope tupu.

Nakuandikia kwa karatasi na kumpa Mbonimpa wa bodaboda akuletee Mabira, kwa sababu ujumbe wa simu unaweza kusomwa na mtu mwingine. Usicheke. Jana meneja wetu, Bwana Polikarpi, aliniita akanionyesha ukurasa wako wa mtandaoni. Umeweka picha za pakiti ya kahawa ya kiwanda chetu na kalenda ya mwaka jana, na chini umeandika, "Kazi za mikono yangu." Akauliza, "Huyu si dada yako?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mkumbushe kipengele cha tisa."

Mkataba uliousaini unasema mchoraji hataonyesha kazi ya kiwanda kwa mtu yeyote, popote, bila idhini ya maandishi. Naomba uzitoe leo. Na kama inawezekana, mwombe mama ashushe ile pakiti aliyoitundika sebuleni. Wageni wanaiona.

Mdogo wako,
Rogasian

*

Mabira,
7 Machi 2025

Roga mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Miguu ya mama ni ile ile, lakini jana alipalilia maharage mpaka saa sita mchana, kwa hiyo usimhurumie sana.

Picha nimezitoa. Kuhusu pakiti ya sebuleni, mama amesema, "Mwambie karani aje aishushe mwenyewe, na aje na polisi." Nimefikisha tu.

Sasa nisikilize. Kuna kampuni ya uchapishaji Mwanza inatafuta mbunifu wa vifungashio, kazi ya kudumu. Nimeitwa kwenye usaili tarehe 26. Wanataka kuona kazi zilizoingia sokoni, na kila kazi iwe na barua fupi ya mteja. Miaka mitatu nimewachorea ninyi peke yenu: pakiti, kalenda, kibao cha getini, mifuko ya sherehe ya wakulima. Nikiondoa hizo nabaki na kadi za harusi na tangazo la kwaya. Kila duka la Omurushaka lina mchoro wangu, halafu mimi niende Mwanza mikono mitupu?

Mwombe Bwana Polikarpi hiyo idhini. Mistari miwili inatosha. Wewe unakaa mlango wa pili kutoka kwake.

Dada yako,
Kemirembe

*

Nyakahanga,
14 Machi 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yangu. Samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne.

Nilimwomba Jumatatu. Hakukasirika. Alisema, "Watu wakijua nani anatuchorea, kesho atawachorea wao." Nikasema ni dada yangu, anatafuta kazi tu. Akasema, "Ndiyo hivyo. Anatafuta kazi kwingine." Kisha akauliza, "Kwani mkataba si uliuandaa wewe?" Nikasema ni mimi.

Hapo nilipaswa kuendelea kusema, nikaaga nikatoka. Nakuambia wewe. Kipengele cha tisa hakuna aliyekiagiza. Nilipotumwa niandae mkataba wako sikuwa na mfano wa mkataba wa mchoraji. Nikafungua ule wa fundi anayechanganya kahawa, nikabadilisha majina. Yule anajua vipimo vya mchanganyiko, ndiyo maana haruhusiwi kuonyesha chochote. Kwako hakikuwa na maana yoyote, na nilikiona. Niliogopa kukifuta bila ruhusa, na niliogopa kuuliza. Ulipokuja kusaini uliniuliza, "Kuna la kuangalia humu?" Nikakujibu ni mambo ya kawaida.

Mkataba wangu mwenyewe unaisha Juni. Najua hiyo si sababu.

Mdogo wako,
Rogasian

*

Mabira,
16 Machi 2025

Rogasian,

Marahaba. Mama hajambo. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi.

Sikuisoma ile karatasi kwa sababu ni wewe uliyenipa. Hilo nalisema mara moja, sitalirudia.

Ingia kwa Bwana Polikarpi useme, "Kipengele cha tisa kwenye mkataba wa Kemirembe kiliingia kwa kosa langu, naomba kiondolewe." Nimekuandikia ili usihangaike kutafuta maneno. Usiongeze lolote. Basi langu linaondoka Jumanne tarehe 25 alfajiri. Mpaka Jumatatu jioni nitakuwa nasikiliza pikipiki ya Mbonimpa.

Dada yako,
Kemirembe

*

Nyakahanga,
21 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Sijui nianze kuuliza afya ya nani.

Jana niliingia. Sentensi yako nilikuwa nimeinakili kiganjani kwa kalamu. Kabla sijafungua mdomo, alinigeuzia mkataba wako pale mezani. Alikuwa ameupitia wote. Akasema, "Rogasian, hiki cha tisa nilikuwa sijakisoma vizuri. Uliona mbali. Kiweke kwenye mikataba yote, hata ya mpiga picha." Akanyoosha mkono. Nikampa mkono wangu, huo huo wenye maandishi, nikasema asante.

Tangu jana nimechapa mikataba sita.

Nenda na kadi za harusi, dada. Zile za Evelyn zilikuwa nzuri sana.

Mdogo wako,
Rogasian

*

Mabira,
30 Machi 2025

Rogasian,

Mama anakusalimu, ana nafuu. Nilifika Mwanza salama na nimerudi salama.

Walikuwa watu watatu. Kadi wakazipitia haraka, tangazo la kwaya wakalikunjua wakalikunja. Mkubwa wao, mama mmoja mpole aitwaye Costansia, akauliza miaka mitatu hii nilikuwa nafanya nini. Nikasema nilikuwa na mteja mmoja ambaye siruhusiwi kumtaja. Mwanamume aliyekaa kando akasema, "Jeshi?" Wakacheka, na mimi nikacheka.

Kisha Mama Costansia akaweka pakiti mezani. Ni ya kwenu. Alisema ndicho kifungashio bora walichokipata kutoka Kagera, hawajui kimechorwa na nani, na kila mwombaji anapewa nusu saa achore cha asali kwa kiwango hicho. Nikapewa penseli.

Roga, mkono ulikwenda wenyewe kwenye ile migomba ya pakiti na zile herufi nilizozibuni hapa mezani kwa mama. Nikaona watasema nimeiga. Nikafuta. Nikachora mzinga na nyuki, na herufi za kawaida anazoweza kuchora mtu yeyote. Nusu saa nzima nilikuwa naukwepa mkono wangu mwenyewe.

Mama Costansia aliutazama mchoro kwa muda. Akasema, "Una mkono mzuri, binti yangu. Lakini bado hujafika hapa." Akaigonga ile pakiti kwa kidole.

Nikamwambia nitaendelea kujifunza.

Dada yako,
Kemirembe