Nyota Haikukuua, Odera

Omera Odera, ndugu yangu,

Nimekasirika. Ungekuwa hai ungeona usoni kwangu kabla sijaketi, ungesema, "Mwalimu, leo umemeza ndimu?" Leo si ndimu. Nina hasira na wewe, na ndugu zako, na ofisi ya maji, na hata nyota yenyewe.

Nianze na nyota, maana ndiyo uliyoingojea. Ilikuja. Tulikuwa tumeshakuzika. Nilisimama ufukoni Dunga jua likizama, nikaitafuta juu ya ziwa, upande uleule ulionionyesha kwa kidole. Nilipoiona nilidhani ni uchafu kwenye miwani. Nikaifuta miwani, ikabaki palepale, kama alama ya chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Hiyo ndiyo nyota yenye mkia ambayo redio ilituahidi kwamba ingeng'aa kuliko zote! Mama Apiyo alikuja na beseni lake la samaki kichwani, akauliza, "Mzee, ni hii?" Nikasema ndiyo. Akaitazama. "Hii haiwezi hata kukaanga omena," akasema, akaenda zake. Wewe ungecheka mpaka ukohoe. Mimi nilifuta miwani tena.

Unakumbuka ni yeye aliyetuanzishia ugonjwa huu wa mbingu. Alikuwa akinunua magazeti makuukuu ya Kizungu kwa Mhindi mmoja mjini, ya kufungia samaki, na siku moja samaki wangu, ngege, akaja amefungwa katika picha ya nyota inayopasuka. Kuanzia hapo akawa anatuwekea. "Wazee wa mbinguni! Leo nina mwezi mzima na robo ya jua, mnachukua?" Tulikuwa tukianika karatasi zile kwenye kamba nje ya nyumba yako pale Nyalenda, halafu tunasoma tukiwa tumeziba pua. Tulisoma kwamba nyota ikipasuka karibu nasi, miale yake inaweza kuharibu hewa ya juu inayotukinga. Tulisoma kwamba jua litavimba siku moja liimeze dunia. Tulisoma kuhusu miamba inayozunguka angani na kuikosa dunia kidogo tu. Habari nyingi hazikuwa na mwisho, kwa sababu mwisho ulikuwa umekwenda nyumbani kwa mtu mwingine na samaki wake.

Siku ile ya jua kuvimba ulinigeukia ukasema, "Basi, Mwalimu, usijione peke yako. Dunia yote ni jadak." Hilo neno letu la Kijaluo nililichukia miaka mingi. Jadak ni mtu anayekaa kwenye ardhi ya wengine kwa hisani yao, na ndivyo nilivyo tangu ziwa lilipopanda likachukua boma letu kule chini ya Ahero, migomba, ghala na kaburi la baba. Watu walinihurumia au walinidharau. Wewe peke yako ulinipa majirani: jua, mwezi, dunia yote, wote wapangaji kama mimi. Sikukushukuru. Nilikuambia unipishe nisome.

Halafu ikaja karatasi ile. Ilisema mkia wa nyota una gesi ya sumu, na hapohapo ikakatika. Nilikuambia, "Odera, ukurasa wa pili haupo. Usihukumu." Ulikuwa karani wa reli maisha yako yote, mtu wa kusubiri ishara ishuke kabla ya treni kupita. Safari hii hukusubiri. Ukasema sumu ya mkia itaanguka ziwani, na mwenye akili ataweka maji mapema. Ukajaza mitungi, ukajaza madebe, ukajaza hata karai la kuogea, ukafunika kila kimoja kwa kitambaa safi na jiwe juu. Uliyajaza wapi? Kwenye mfereji wetu wa pamoja, ule ambao bomba lake limepasuka pale linapopita kando ya vyoo! Tulikwenda wote wawili ofisi ya maji kuripoti bomba lile. Wakatuambia liko kwenye mpango. Wewe mwenyewe ulitoka pale ukitukana. Kisha ulisahau kilichokuwa mbele ya miguu yako kwa sababu shingo yako ilikuwa imeelekea juu.

Nilikuambia uyachemshe. Ukasema makaa ni ya kupikia, si ya kupashia maji moto bure. Ukayanywa hivyohivyo. Tumbo likakushika alfajiri, na kufikia jioni ya siku iliyofuata sauti yako ilikuwa imekwisha.

Tulikupeleka kwenu ng'ambo ya ghuba, ukazikwa bomani mwako kama inavyopasa. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kukuzungumzia. Wa kwanza akasema nyota ilikuita kwa sababu uliitaja mno. Wa pili akasema vivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Mhubiri akaongeza mistari. Watu wakaguna kwa kuridhika, Odera, kwa sababu nyota haishtakiwi na haina ofisi. Nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, mtu huyu ameuawa na bomba." Kaka yako mkubwa hakuninyanyulia hata sauti. "Jadak, kaa chini. Mgeni haelezi kifo cha mtu wa boma hili." Vijana wawili wakanishika mabega kwa heshima, wakanikalisha.

Basi nikarudi Nyalenda. Nilimwaga maji yako yote, mtungi kwa mtungi. Halafu nikachukua waya nikaufunga mdomo wa ule mfereji, nikaweka kiti changu mbele yake. Wanawake wa mtaa walinitukana asubuhi ya kwanza, na walikuwa na haki, maana mfereji wa sokoni uko mbali. Mama Apiyo ndiye aliyewaambia kisa chako, na yeye hatumii lugha ya kanisani. Sasa wanakaa nami kwa zamu. Mtu wa ofisi ya maji alikuja na kofia yake. "Mzee, nani amekupa ruhusa?" Nikamwambia: marehemu. Aliandika kitu, akaenda. Hawajaja kuchimba.

Hii ndiyo ahadi yangu. Sitaondoka kwenye kiti hiki mpaka bomba lile litolewe ardhini nilione kwa macho yangu. Na watu watakapokusanyika kwenu kukukumbuka, nitavuka ghuba nisimame tena niseme yaleyale. Wakinikalisha, nitasema nikiwa nimekaa.

Kwaheri, omera. Pumzika bila wasiwasi wa juu. Nimezitazama kwa niaba yako, mbingu ziko mahali pake. Mimi bado ninazo hasira za kutosha kwa huku chini.

Jadak mwenzako,
Mwalimu Okelo