Nilipanda Gari la Michezo kwa Woga, Nikamtegua Mtoto Bega

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa nilipo sina mtu wa kumwambia, na nikikaa na jambo hili wiki nyingine moja naona litanimaliza.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, naishi Uthiru kwenye ploti ya mama mkwe wangu, na kazi yangu ni kushona mapazia katika duka moja mjini. Nina mtoto mmoja, Janice, wa miaka kumi. Mume wangu, Macharia, alifariki miaka miwili iliyopita tulipokuwa tukitoka harusini Limuru, gari letu likaacha barabara na kugonga mti, mimi nikiwa kiti cha mbele kando yake na Janice nyuma, na tangu siku hiyo nikiingia ndani ya gari lolote hufumba macho mpaka nifike.

Mwezi uliopita kanisa letu liliwapeleka watoto wa Sande Skuli kwenye bustani moja ya michezo upande wa Karen, na wazazi tukaombwa tuandamane nao. Kule kuna magari yanayokimbia juu ya reli, yamechongwa kama ya mashindano, mnakaa wawili wawili. Mtoto wangu hajacheka vizuri tangu babake afe, lakini siku hiyo alinishika kidole akaniambia, "Mami, si tupande pamoja? Hiyo moja tu. Sitakuomba ingine." Nikamwuliza wifi yangu Nyokabi, dadake marehemu, kama inatisha, naye akacheka, "Mama Janice, hii ni gari ya watoto! Hata shosho angepanda." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Mlangoni palikuwa na kibao kirefu cha maonyo, sikukisoma. Msichana wa kazi mwenye fulana ya njano akapita kwenye foleni akiuliza, "Kuna mtu ako na shida ya moyo ama mgongo? Kuna mwenye mimba? Kuna mtu anaogopa gari ama giza? Sema tu, hakuna aibu, unatokea hapa." Alinitazama mimi, labda kwa vile nilivyokuwa nikitoka jasho, na Janice naye akanitazama, nikasema, "Tuko sawa."

Chuma kikashuka mapajani kikajifunga. Mwanzoni gari lilienda polepole, watu wanacheka, halafu likaingia kwenye banda lenye giza totoro, breki zikalia kwenye spika, na mbele yetu zikawaka taa mbili kubwa kama za lori linalotujia. Nasikia nilipiga nduru, mimi sikumbuki nduru, nakumbuka tu kwamba nilishika mkono wa Janice nikauvuta kwangu kwa nguvu zangu zote, na wakati huo huo gari likakata kona upande ule mwingine, nikasikia bega lake likialika.

Liliposimama hakulia. Alinitazama usoni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivyo ndivyo ulimshika Dadi."

Nyokabi alikuwa kiti cha nyuma yetu. Akauliza, "Anasema nini huyu?" Nami nikasema, "Ni maumivu. Anapayuka tu."

Mshauri, hakuwa anapayuka. Siku ile ya ajali kulikuwa na lori likija mbele yetu, lakini lilikuwa upande wake wa barabara, halikutukosea lolote, ni mimi niliyeogopa zile taa nikaushika mkono wa Macharia uliokuwa kwenye usukani nikauvuta. Askari waliponiuliza nilisema sikumbuki. Watu wakajaza wenyewe, kwamba Macharia alikuwa mlevi miaka ya nyuma na harusini pombe ilimwagika kama maji, basi ni pombe iliyomwua. Alikuwa ameiacha mwaka mmoja na zaidi, Mshauri, na siku ile alikunywa soda mbili tu, mimi ndiye niliyemletea. Mama mkwe alipolia matangani akisema, "Kijana wangu amejimaliza na pombe," nilikuwa nimekaa kando yake na sikufungua mdomo. Na Janice alikuwa miguuni petu akisikia.

Sasa bega limerudishwa mahali pake, mkono umefungwa kitambaa shingoni, anaongea na kila mtu ila mimi. Kanisani anakaa benchi jingine. Juzi nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa kumwumiza, akaniambia, "Bega si shida," akaendelea na somo lake. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ibada ya kumkumbuka Macharia, mama mkwe amewaalika vijana wa kanisa ili awaonye kuhusu pombe, na picha ya mume wangu ndiyo atakayowaonyesha.

Nikisema nitafukuzwa na pengine ninyang'anywe mtoto. Nikinyamaza, mtoto ameshaondoka ingawa tunalala nyumba moja. Nimefikiria kurudi kule bustanini nijifunze kupanda lile gari bila kupiga kelele ili Janice aone nimebadilika, nimefikiria pia kuhama niende mbali, na siku zingine nafikiria mambo mabaya zaidi ya hayo. Nisaidie.

Mama Janice, Uthiru

MSHAURI ANAJIBU

Mama Janice, pole kwa kufiwa, na pole kwa miaka miwili ya kubeba peke yako kitu kizito namna hiyo. Majina nimeyabadilisha yote, usiogope. Kwa sababu ya yale "mambo mabaya zaidi" uliyoandika, sikungoja siku ya gazeti, nilikupigia simu Jumanne. Umenihakikishia kwamba Jumatatu unaenda kumwona daktari wa hospitali uliyonitajia, na nitapiga tena kuuliza kama ulienda.

Nianze na lile gari, maana wasomaji wengi watalipanda likizo hii. Nilimtafuta Muthama, mzee aliyeendesha mashine za aina hiyo miaka tisa. Aliniambia, "Mwoga hanipi shida. Shida yangu ni mwoga anayejifanya jasiri." Anasema simama pembeni kwanza, tazama gari likienda mzunguko mzima na uangalie nyuso za wanaoshuka. Soma kibao. Uliza wahudumu kama ndani kuna giza, kelele au taa za ghafla, usimwulize wifi, kwa kuwa wifi hafanyi kazi pale. Ukiwa na woga, mwambie mhudumu kabla chuma hakijafungwa, kwa sababu kikishafungwa huwezi kushuka, na anayejaribu kujitoa ndiye anayeumia. Ukishaketi, egemeza kichwa, shika chuma kilicho mbele yako, tazama anakokwenda gari na utoe pumzi taratibu. Usimshike aliye kando yako. Na mtu aliyenusurika ajali ya barabarani hana haja ya kupanda gari la kuigiza ajali, wala mbele ya mtoto wala mbele ya nani.

Kwa hiyo kule bustanini usirudi. Janice hajakasirishwa na kelele zako.

Sasa nikugombeze. Msichana wa fulana ya njano alikufungulia mlango, ukamwambia mko sawa. Askari alikuuliza, ukasema hukumbuki. Nyokabi alikuuliza, ukamgeuza mtoto mwenye bega lililoteguka kuwa mpayukaji. Kumshika Macharia mkono kulikuwa ni mshtuko, na mwili ukishtuka hauombi ruhusa. Kwa hilo sikulaumu, na usikubali mtu yeyote akuite mwuaji. Lakini kuwaacha watu wamzike akiwa mlevi hukufanya kwa mshtuko. Ulikuwa na miaka miwili ya kufikiri. Na mwanao, akiwa na miaka minane, alisikia babake akisemwa vibaya, akajua si kweli, akaona mamake amenyamaza, naye akanyamaza ili akulinde. Huo ni mzigo wa mtu mzima, nawe ulimtwika bila hata kumwuliza.

Jumanne nilikwambia uanze na yeye, tena usianze kwa kujitetea. Umwulize aliona nini, umsikilize mpaka mwisho, kisha umwambie, "Uliona sawa. Nilidanganya." Alhamisi ulinitumia ujumbe. Umesema mlikaa kwenye ngazi mchana, ukamwambia. Umesema alilia kwa muda mrefu, hakukuruhusu umguse, na kwamba alikuwa akijiuliza miaka yote kama ni yeye aliyesababisha, kwa sababu sekunde ile alikuwa anakuita umwonyeshe kitu kwenye simu. Umesema ulidhani utapata nafuu na badala yake umejisikia vibaya zaidi. Najua. Mwambie tena kesho kwamba si yeye, na keshokutwa umwambie tena, hata kama hajibu.

Kabla ya ibada, nenda kwa mwanasheria. Mweleze ulichowaambia askari, akuongoze namna ya kurekebisha maelezo yako, na umwulize kuhusu nyumba na mtoto. Usiendelee kuogopa kufukuzwa kwa kusikia tu. Nenda pia kwa mchungaji wako, umwombe awepo utakapozungumza na mama mkwe. Usimwambie kwa simu wala mbele ya wageni. Mwambie nyumbani kwake, yeye na Nyokabi, kabla ya ile picha kuwekwa mezani. Huenda akakufukuza siku hiyo. Huenda asikusalimie mwaka mzima. Sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Pakia begi lenu mapema, zungumza na rafiki atakayewapokea, kisha nenda ukaseme. Mama yule amekuwa akimlilia mwanawe kwa aibu, na ni wewe tu unayeweza kumwondolea aibu hiyo. Huzuni itabaki, hiyo ni haki yake.

Katika ujumbe wako uliandika kwamba Janice, kabla ya kuingia ndani, alikuuliza swali moja tu kuhusu nyanya yake, "Shosho utamwambia lini?" nawe ukamjibu, "Mungu akipenda."

Mama Janice, Mungu ameshapenda. Mpe mtoto siku. Mwambie ni Jumamosi ya kabla ya ibada, saa nne asubuhi, na ikifika saa nne uwe umeshagonga mlango.