Mashavu ya Mke wa Mwanangu

Jumatatu. Kusi linavuma tangu alfajiri hapa Utende, na mimi nimeamka na kinyongo changu.

Niseme ukweli. Wiki ya pili sasa namshuku Mwanahawa, mke wa mwanangu.

Tangu nipasuliwe koo kwa sababu ya saratani, miaka mitatu iliyopita, kula kwangu ni kazi. Sharti niinamishe kidevu kifuani, nimeze mara mbili kila kijiko. Maji matupu yananipalia. Mwezi uliopita mwiba wa samaki tasi ulinikwama, nikarudishwa wodini. Tangu hapo chakula nakiogopa, na anayekipika namtazama kwa jicho la pembeni. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi. Mwizi wa maandazi namjua kwa mashavu.

Na mashavu ya Mwanahawa yanacheza!

Anasema amefunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Haya. Mbona akitoka jikoni midomo imelowa? Mbona muhogo wangu na samaki, uliokuwa ukifika saa saba, siku hizi unafika saa tisa, tena nusu bakuli? Jana sikuvumilia. Nikampigia mwanangu Dar, nikamwambia mkeo ananilia chakula, na funga yake ya uongo. Akasema atakuja Ijumaa, wayamalize na mkewe.

Leo nikajibanza nyuma ya jiko la uani, penye tundu kwenye makuti.

Muhogo alishauponda, samaki kamchambua kwa vidole. Akatia kijiko mdomoni. Nimekunasa, mwanamke wewe! Nusura nipige ukelele. Lakini hakutafuna. Alikuwa akikisukuma chakula kwa ulimi, taratibu, kafumba macho. Kisha akatema chote kiganjani, akachomoa kitu cheupe, chembamba kama uzi.

Mwiba.

Akawamwagia kuku bakuli zima. Akasukutua, akatema, akachukua samaki mwingine, akaanza upya.

Hakumeza hata tone.

Saa tisa akaniletea. "Samahani mama, nimekuchelewesha."

"Swaumu haijakuchosha?" nikamuuliza, na sauti yangu hii ya kukwaruza.

"Alhamdulillahi, mama. Kula kabla hakijapoa."

Nikala chote. Sikuweza kumtazama usoni. Nimeona haya, wallahi, utu uzima wangu huu.

Jioni, baada ya kufuturu, akanijia mbio na simu mkononi, anacheka peke yake. Mumewe kamwambia anakuja Ijumaa! Ananiuliza mimi ampikie nini, na je, avae lile gauni la Idi?

Nikamwambia livae.

Koo langu hili halipitishi hata maji, lakini jana lilitoa maneno yale yote bila kukwama. Nitaanzia wapi kuyafuta? Mwanangu ataniamini, au atadhani mkewe kanitisha?

Mwanahawa anaosha vyombo uani, namsikia anaimba. Nimeshabonyeza namba ya mwanangu. Inaita.