Maua Mawili ya Mteremkoni

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko kwenye makabati yako ya majani makavu? Sisi wazima. Goti la mama yako linalalamika, naye analisaidia kulalamika.

Nimekubandikia maua mawili. Nimeyachuma kwenye mteremko tunapochonga barabara. La kushoto limejaa mitaroni kila mahali. La kulia liko penye mwamba unaotoa maji, basi, na miaka yote niliyoendesha katapila sijawahi kuliona. Msimamizi anasema ni ua lile lile. Wewe ndiye uliyesomea. Niambie.

Baba yako

12 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila mafua ya vumbi. Mama mpe pole.

Hayo ni maua mawili tofauti. Rangi ya zambarau ni ile ile, lakini la kushoto mkia wa nyuma ya ua umenyooka na jani lina vinyweleo kwa chini. La kulia mkia umejikunja kama ndoana, na jani ni laini. La kwanza, kwenye orodha yetu ya mimea, haliko hatarini hata kidogo. La pili limeandikwa “karibu kutoweka kabisa”. Lilijulikana mahali pamoja tu, napo pamefunikwa na maji ya bwawa. Huenda hayo ya kwako ndiyo yaliyobaki duniani.

Shida ni kwamba ripoti ya mimea ya barabara hiyo imesema kuna ua la mitaroni tu, na mkuu wangu anataka niitie sahihi. Tafadhali Baba, nyamaza. Umebakiza miezi mitano ustaafu.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Juzi tulifika kwenye mwamba. Nikazima injini, nikashuka.

“Mzee, mashine imeharibika?” msimamizi akauliza.

“Nzima kabisa. Mimi ndiye sitaki.”

“Basi mimi nifanyeje?”

“Panda uendeshe.”

Hajui hata inawashwa wapi. Jana walinipa barua ya kufukuzwa. Nikaenda kwa dereva wanayemleta badala yangu, nikamwonyesha ua. Leo kaomba ruhusa, ati ana homa. Dereva mwenzake naye kaipata homa hiyo hiyo.

Hiyo miezi mitano wabaki nayo. Wewe je, umetia sahihi?

Baba yako

9 Mei

Shikamoo Baba,

Nisamehe kimya hiki. Niliona aibu.

Nilitia sahihi. Barua yako ilinikuta nimeshatia. Nilikaa nayo siku tatu, kisha nikaingia kwa mkuu, nikaiomba ile ripoti na kulikata jina langu mbele yake. Akauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia nimezirithi kwa dereva wa katapila.

Amenihamishia stoo. Lakini ua lako nilikuwa nimeshalituma kwa wataalamu wengine, nao wamethibitisha. Amri imetoka serikalini: mashine zisimame mpaka mimea yote ya mwambani ihesabiwe. Tumepewa mwezi mmoja tu, Baba, na bado wanaweza kutushinda.

Nakuja Jumamosi kuhesabu. Mkuu ameninyima ruhusa. Nakuja hivyo hivyo.

Mwanao